Kile Mlichocheza Kilikuwa Kinasema Nini?

Jumapili moja ya Pasaka, baada ya ibada ya pili, mzee mmoja wa kanisa alinisubiri nje chini ya mnara wa kengele. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kwaya ya vijana. Vijana walikuwa wametoka kuimba wimbo wa ufufuo, na uchezaji wake tulikuwa tumeufanyia mazoezi kwa wiki sita. Vigelegele vilipigwa, simu ziliinuliwa kurekodi, na akina mama wawili walikuja mbele kuwatuza. Nikadhani mzee amekuja kunipongeza. Tulisalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema:

"Mwalimu, naomba unisaidie. Kile mlichocheza leo kilikuwa kinasema nini?"

Nikamwambia kilikuwa kinasema kwamba Bwana amefufuka.

"Hilo limesemwa na wimbo, nami nimelisikia. Nauliza habari ya kucheza."

Nilitafuta jibu nikakosa. Nilisema jambo fulani kuhusu furaha ya vijana na kumsifu Mungu kwa mwili wote, naye akaitikia kwa adabu ya mtu ambaye hakujibiwa. Mwezi uliofuata jambo hilo lilifika katika baraza la wazee. Wapo waliotaka kwaya ziimbe zikiwa zimesimama wima kama zamani. Wapo waliosema tukifanya hivyo vijana watatuhama. Baraza likaona lingoje hadi Pasaka inayofuata, ndipo liamue.

Ndugu msomaji, insha hii ni jibu langu kwa mzee yule. Limechelewa, na sehemu yake ni kukiri kwamba yeye aliona kitu ambacho mimi mwalimu sikukiona.

Mwili husemaje

Tuanze na tunachokijua. Katika ibada zetu mwili hauko kimya hata siku ambayo hakuna anayecheza. Tunasimama Injili inaposomwa. Tunapiga magoti madhabahuni. Mtu aliyechelewa huinama kidogo anapopita mbele ya wenzake, na kwa kuinama huko amekwisha kuomba radhi. Ibada ikiisha, watu wakatoka, mama mmoja akabaki amepiga magoti kwenye benchi lake, hatuhitaji kusikia anaomba nini ili tujue kwamba tusimsumbue.

Hizo ndizo malighafi za mtu anayepanga miondoko ya jukwaani. Hana vitu vingi. Ana mahali: katikati au pembeni, mbele au nyuma. Ana kimo: aliyesimama, aliyeinama, aliyelala chini. Ana mwendo, wa haraka au wa polepole. Ana uzito: je, mwili unaiangukia ardhi au unaikwepa? Ana umbali kati ya mtu na mtu, na macho, yaani nani anamtazama nani. Mwisho ana marudio: jambo lililofanyika mara moja likafanyika tena wakati hali imekwisha kubadilika. Waweke watu wawili jukwaani, mmoja ampe mwenzake mgongo, asiseme mtu neno. Tayari watazamaji wanajiuliza kumetokea nini kati yao.

Waandishi wa Injili walilijua jambo hili. Katika Yohana 13, kabla Bwana hajaeleza lolote kuhusu kutumikiana, tunaonyeshwa akiinuka kutoka chakulani, akiweka kando vazi, akijifunga kitambaa, akitia maji chomboni, akianza kuosha miguu. Matendo yamepangwa moja baada ya jingine kwa utulivu, na maelezo yanakuja baadaye. Katika Luka 22, Petro anapokana mara ya tatu na jogoo kuwika, Bwana hasemi neno. Anageuka na kumtazama. Luka peke yake ndiye aliyetuandikia kugeuka huko, na sidhani kama yuko mhubiri ambaye angetaka kifutwe.

Kwa hiyo swali la mzee halikuwa la mtu asiyependa kucheza. Lilikuwa swali la msomaji wa Biblia: ikiwa mwili una cha kusema, umesema nini?

Kazi moja ya kujifunzia

Ili nijibu vizuri, nimechagua kazi moja ya jukwaani iliyozaliwa na kanisa, tuipitie kipande kwa kipande. Inaitwa Revelations, maana yake Mafunuo, na mtunzi wake ni Alvin Ailey, Mmarekani Mweusi. Ailey alizaliwa Texas mwaka 1931, wakati wa dhiki kuu ya uchumi na ubaguzi wa rangi, akalelewa na mama aliyefanya kazi za vibarua, hata kuchuma pamba. Jumapili zake za utotoni zilikuwa za kanisa la Kibaptisti. Tarehe 31 Januari 1960, huko New York, akiwa na miaka 29, alionyesha kwa mara ya kwanza kazi aliyoijenga juu ya nyimbo za kiroho za watu wake, zile zenye mizizi utumwani. Mwanzoni ilipita saa moja. Baadaye ikapunguzwa, na leo huchukua kama dakika 36. Ailey alifariki mwaka 1989, lakini kundi aliloanzisha linaendelea kuicheza. Mimi nimeitazama kwa video tu: kwanza peke yangu kwenye simu, kisha pamoja na vijana kwa projekta katika ukumbi wa usharika, tukisimamisha na kurudia.

Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya huzuni, na mavazi yake ni ya rangi za udongo. Ya pili ni ya ubatizo, yenye mavazi meupe. Ya tatu ni ya Jumapili kanisani, na hapo nguo za wanawake ni za manjano. Hata ukitazama rangi peke yake unaona safari: kutoka ardhini, kupitia majini, hadi kwenye jua.

Pazia linapofunguka, wachezaji wamesongamana katikati ya jukwaa kama kabari, mwanga ukiwaangukia kutoka juu. Miguu imepanuliwa, magoti yamekunjwa, nyayo zimekita sakafuni. Mikono inafunguka pande zote, vidole vimetanuliwa, kama mabawa ya ndege mkubwa. Nyuso zinaelekea juu, kisha vichwa vinainama. Wimbo unaoimbwa ni wa mtu anayelalamika kwamba amekemewa na kudharauliwa.

Hapa niliwaambia vijana tusimamishe video, kwa sababu nilijiona mwenyewe. Kwaya yangu ingepewa wimbo huo, ningemweka kijana mmoja anyooshe kidole cha kukemea, na mwingine afunike uso kwa mikono. Ailey hakufanya hivyo. Jukwaani hakuna anayekemea wala anayelia. Kuna miili ambayo sehemu ya juu inataka kuruka na sehemu ya chini imeshikwa na ardhi, yote mawili kwa wakati mmoja. Wimbo unasema nimedharauliwa. Mwili unaongeza: sijavunjika, na bado niko hapa hapa. Pia wimbo unasema "mimi", lakini waliosimama pale ni kundi, bega kwa bega. Aliyedharauliwa hayuko peke yake, na jambo hilo halikusemwa na wimbo. Lilisemwa na umbali kati ya mtu na mtu. Baadaye wanatawanyika, kisha kabla kipande hakijaisha wanarudi kwenye kabari ile ile. Msomaji wa Zaburi za maombolezo anaijua njia hiyo ya kuzunguka na kurudi kwenye kilio kile kile, ukiwa si mtu yule yule.

Mbele kidogo kuna kipande cha watu wawili, mwanamke na mwanamume. Wimbo ni ombi kwa Yesu amtengeneze mwombaji na kumweka tayari. Mara nyingi mwanamume yuko nyuma ya mwanamke. Mwanamke anaegemea nyuma, upande asioweza kuuona, na kila mara anakuta ameshikwa. Mwisho anasimama juu ya mwili wa mwenzake aliyeinama, mkono wake ukielekea juu. Watazamaji wengine humwona mwanamume yule kama mchungaji, wengine kama malaika mlinzi. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba hatari ile ni ya kweli. Mwenzake akichelewa kidogo tu, mwanamke anaanguka mbele ya ukumbi mzima. Mchezaji hawezi kuigiza kuegemea. Ama umeuachia uzito wako, ama hujauachia, na mtazamaji huona tofauti hata kama hajui kuieleza. Waebrania 11 inafundisha kwamba imani inahusu mambo yasiyoonekana. Nimelisikia fundisho hilo tangu Kipaimara, lakini sikuwahi kuliona mgongoni mwa mtu.

Katika sehemu ya pili kuna mtu mmoja peke yake, mwanamume aliyevaa nyeupe. Wimbo unahusu kuwa tayari kwa siku ya kufa. Ungetarajia asimame, atazame juu, anyooshe mikono. Muda mwingi yuko sakafuni. Anainuka nusu, anabaki akijishikilia kwa makalio, kifua na miguu vikiwa hewani, kisha anarudi chini na kuanza tena. Tumbo lake linafanya kazi ngumu na tunaiona. Wimbo unasema nataka kuwa tayari. Mwili unaeleza gharama yake: kuwa tayari ni kazi ya kila siku ya kuinuka na kurudi chini, bila mtu wa kukupigia makofi.

Maji ya ubatizo yanaletwa kwa vitambaa virefu, vya buluu na vyeupe, vinavyonyooshwa kuvuka jukwaa na kutikiswa kutoka pembeni. Kila mtu anaona kwamba ni vitambaa. Lakini miili inayoingia kati yake inaviamini, migongo na viuno vinapita kama mawimbi, na mwavuli mkubwa mweupe unayumba juu yao. Maji yako katika migongo yao kabla hayajawa katika vitambaa.

Kisha inakuja Jumapili. Wanawake wanaingia na kofia, vipepeo vya mkono na stuli, joto limewazidi, ibada haijaanza. Wanajipepea, wanasengenyana kwa vipepeo, wanakemeana kwa vipepeo. Usharika wowote utajicheka hapo. Lakini tazama walipotoka: wale ambao mwanzoni hawakuwa na kitu ila ardhi ya kusimama, sasa wana kiti cha kukalia. Furaha inayofuata ina makofi na shangwe tele, na kwa desturi kundi hurudia tena kipande cha mwisho watu wakiwa wamesimama wanashangilia.

Hapo ndipo nina neno dhidi ya kazi hii ninayoipenda. Miili ya wachezaji ni hodari mno hivi kwamba mtazamaji anaweza kuishia kushangaa misuli. Na furaha ile ya mwisho ni tamu kiasi kwamba mtu anaweza kuichukua peke yake, akaenda nayo nyumbani, akasahau kabari ya mwanzo. Kipande cha manjano kikichezwa bila kile cha udongo ni burudani nzuri tu. Nilipoliona hilo, nilimkumbuka mzee wangu chini ya mnara wa kengele. Pasaka ile sisi tulicheza manjano tupu. Vijana waliingia wakiwa na furaha, wakaendelea na furaha, wakatoka na furaha. Hawakuwa wametoka popote. Mzee aliuliza kilikuwa kinasema nini, na jibu la kweli lilikuwa kwamba kilikuwa kinarudia neno moja kwa dakika saba.

Miguu na mabega

Kabla sijasema zaidi juu ya kwaya zetu, inafaa tuwatendee haki wazee wanaoogopa uchezaji. Hofu yao ina historia, na historia hiyo inatuunganisha na watu wa Ailey.

Huko South Carolina, baada ya maasi ya watumwa ya mwaka 1739, sheria ya mwaka 1740 ilikataza watumwa kupiga ngoma. Katika pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia, waumini Weusi walikuwa na namna yao ya kuomba kwa duara. Walizunguka kinyume cha saa, wakiburuta miguu, makofi na fimbo inayogongwa sakafuni vikishika mdundo. Na walikuwa na kanuni moja: miguu isipishane. Miguu ikipishana, hiyo ni dansi, na dansi ni dhambi. Isipopishana, hayo ni maombi. Mpaka kati ya maombi na dhambi ulichorwa kwenye kifundo cha mguu.

Vijana walicheka nilipowaeleza. Mimi sikucheka, kwa sababu ya bibi yangu mzaa mama. Akiwa mke kijana alitengwa na Meza ya Bwana kwa miezi kadhaa kwa kosa la kucheza ngoma katika arusi ya kaka yake. Alitubu mbele ya usharika, akarudishwa, na hadi kufa kwake hakucheza tena. Lakini kwaya ilipoimba, akiwa ameketi na khanga yake imefunika magoti, mabega yake yalikuwa yakitembea. Kidogo sana. Siku moja nilipokuwa mkubwa nilimtania: "Bibi, na hayo mabega?" Akasema, "Mjukuu wangu, waliniuliza habari ya miguu, nikaitubia. Mabega hawakuyataja."

Nimefikiri juu ya mabega yale kwa miaka mingi. Yalikuwa madogo kuliko uchezaji wowote niliowahi kufundisha, na yalisema mengi zaidi. Yalikuwa na wimbo ndani yake, na arusi ya kaka yake, na aibu ya siku ya kutubu, na furaha ambayo haikukubali kufa. Hakuna aliyempangia. Lakini mpanga miondoko anayetaka kujifunza kazi yake angeanzia hapo: mwili unaojizuia unasema kwa nguvu kuliko mwili unaojimwaga.

Nyakati zimebadilika. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Kanisa Katoliki ya Zaire, ambamo kucheza kuzunguka madhabahu ni sehemu ya ibada yenyewe, kuna mahali pake na wakati wake. Katika sharika zetu za Kilutheri vinanda na uchezaji vimeingia bila uamuzi wowote mkubwa, polepole, kama maji yanavyoingia chini ya mlango. Bibi yangu angelishangaa. Lakini kuruhusiwa si kusema. Tulipata ruhusa ya kucheza kabla hatujajiuliza tunataka kucheza nini.

Watetezi wa uchezaji tunapenda kumtaja Daudi mbele ya sanduku, katika 2 Samweli 6, na kumsuta Mikali aliyemdharau kutoka dirishani. Mimi pia nimewahi kumwita mtu Mikali, moyoni. Lakini tukisoma vizuri, jibu la Daudi kwa mkewe linahusu alikuwa anacheza mbele za nani. Swali hilo linaweza kuulizwa kwa kwaya yoyote.

Kila neno na mkono wake

Sasa niseme kosa letu, na ninaposema letu ninaanza na mimi. Uchezaji mwingi wa kwaya umekuwa wa kuchora maneno hewani. Wimbo ukisema mbinguni, kidole juu. Moyo, mkono kifuani. Msalaba, mikono ifunguliwe. Shetani, teke. Kila neno limepewa mkono wake. Ni kama mtu anayesoma barua kwa sauti huku mwingine nyuma yake anarudia maneno yale yale. Msikilizaji haongezewi kitu, na baada ya ubeti mmoja anaacha kutazama mikono na kuanza kutazama sare.

Kosa la pili ni macho. Tangu enzi za kanda za video na DVD, hadi sasa za simu, kwaya zimejifunza kucheza kuielekea kamera. Vijana thelathini wanaimba wakimwambia Mungu, na macho ya wote thelathini yako kwenye lenzi. Mwili unasema jambo moja na wimbo jingine. Washarika, hata wasiojua kusoma, wanasoma macho.

Kosa la tatu ni kwamba hatuna kutulia. Kutulia kwa mwili ni kama kituo katika sentensi. Wachezaji wa Ailey husimama, na kusimama kwao hutufanya tuone walichokifanya. Sisi tunaogopa kwamba tukisimama watu watadhani tumesahau.

Sisemi mikono ifungwe. Nasema mkono uongeze kitu ambacho neno halikukisema, au ukae.

Pasaka iliyofuata

Mwaka uliofuata tuliandaa jambo dogo kwa Ijumaa Kuu na Pasaka. Tulichagua Petro.

Ijumaa tuliweka jiko la mkaa mbele ya madhabahu, lenye moto kweli. Vijana saba walikaa kulizunguka, wakiota moto. Hakukuwa na maneno. Petro alikuja kutoka pembeni, akasimama nje ya duara. Mtu mmoja akamwuliza kwa macho, naye akatikisa kichwa. Duara likafunguka kidogo, bila mtu kumtazama, akasogea. Akaulizwa tena, akatikisa kichwa, akasogea zaidi. Alipokana mara ya tatu alikuwa amekaa karibu kabisa na jiko, viganja juu ya makaa. Kijana aliyekuwa Petro ndiye aliyeligundua hilo katika mazoezi: kila anapomkana Bwana, anapata nafasi bora ya kuota moto. Hakuna mstari wa Injili unaosema hivyo kwa maneno, lakini Yohana anatuambia kulikuwa na baridi. Kisha nyuma yao, polepole, akapita mtu akiongozwa mikono imefungwa. Akageuza shingo mara moja. Petro aliinuka akatoka, si kwa mlango wa pembeni, bali kupitia katikati ya mabenchi, akitugusa mabega.

Haikwenda vizuri yote. Katikati ya ukimya mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Mama, mbona haongei?" na upande mmoja wa kanisa ukacheka. Moshi wa jiko ulimfikia mchungaji.

Jumapili ya Pasaka washarika walipoingia walikuta jiko lile lile mahali pale pale. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili: katika sura ya 18, Petro alipokana, na katika sura ya 21, Bwana mfufuka alipowaandalia wanafunzi chakula ufukoni. Duara lilikuwa lile lile la vijana saba. Petro alikuja akasimama nje, mbali. Safari hii duara lilifunguka na wote wakamtazama. Alikaa muda mrefu kabla hajasogea. Wimbo ulianza naye akiwa bado amesimama, na kwaya haikucheza hadi ubeti wa mwisho, alipokwisha kukaa kati yao. Ubeti mmoja tu.

Vigelegele vilikuwa vichache kuliko mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekuja kutuza. Mama mmoja aliniambia wazi kwamba vijana walimnyima raha, na ubeti mmoja haukutosha. Wawili katika kwaya walilalamika kwamba video yetu haikupata watazamaji. Baraza la wazee lilikutana, na baada ya maneno mengi halikupiga marufuku wala kuagiza lolote. Mambo yameachwa kwa walimu wa kwaya, na mwaka hadi mwaka tunafanya vizuri au vibaya.

Siku ile ya Pasaka nilitoka nikamkuta mzee chini ya mnara wa kengele, mahali pake. Tulisalimiana. Hakunipongeza. Alitazama ardhi kidogo, kisha akaniambia:

"Ijumaa, wale vijana walipompisha kwenye moto, hawakumtazama. Leo walimtazama. Kwa nini?"

Nilianza kumweleza, akaninyamazisha kwa mkono. "Ngoja," akasema, "nataka nikufikirie mwenyewe." Akavaa kofia yake, akaondoka akitembea polepole kuelekea barabarani, na alipofika kwenye geti akasimama, akageuka, akatazama kanisa.